Nilimuona Mshirika wa Mwanangu Ndani ya Gari la Raymond

Nilimuona kwa macho yangu haya mawili.

Shija. Mshirika wa mwanangu kwenye kampuni. Kijana aliyekula ugali wa ulezi mezani kwangu miaka miwili mfululizo... amekaa siti ya mbele kwenye gari la Raymond, stendi ya Laela, vioo vimepandishwa.

Raymond ni mnunuzi wa mahindi. Na mahindi ya huku kwetu wanunuzi wengi wanayachukua kwa lumbesa. Gunia linajazwa, halafu linaongezewa kilemba juu na kushonwa kwa kamba mpaka linakuwa kama mwanamke mwenye mimba ya mapacha. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Kile kilemba ni zawadi ya lazima.

Na kampuni yao, mwanangu Scola na huyo Shija waliifungua ili kuiua hiyo lumbesa.

Sasa niambieni nyie mnaosoma. Mwenye kampuni na mtu ambaye kampuni inataka kumkata mkono, ndani ya gari moja, vioo juu. Wanaongea habari za hali ya hewa?

Nilijibanza nyuma ya magunia ya maharage niliyokuwa nimeyanunua. Raymond akatoa karatasi. Shija akachomoa kalamu mfukoni. Wakaandika wote wawili, wakapeana mikono.

Nilibaki nimeinama pale mpaka muuza maharage akaniuliza, "Mama Scola, unaumwa?"

"Ni baridi tu mwanangu."

Baridi gani. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi ya wiki hiyohiyo mwekezaji alikuwa anakuja kutoka Dar.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni Klementina, darasa la saba, nauza maharage na ulezi sokoni Sumbawanga. Nikikosea kuandika mnisamehe, ila habari ishikeni.

Kitu chenyewe walichounda kinaitwa Mizani. Unapandisha gunia juu yake. Pembeni kuna kisanduku cheusi, ndani ya kisanduku kuna laini ya simu kama hii ya kwako. Gunia likitulia, kisanduku kinatuma meseji mbili kwa mpigo, moja kwa mkulima, nyingine kwa mnunuzi. Kilo kadhaa. Hata mwenye kiswaswadu, kile kisimu cha vitufe, anaipata. Hakuna cha kilemba, hakuna cha kubishana.

Lakini Mizani ilikuwa moja tu, na msimu wa mavuno ulikuwa unakatika. Mwekezaji akikubali, zinatengenezwa nyingine thelathini. Akikataa, kampuni inafungwa. Scola alikuwa ameshaniambia, "Mama, mwezi wa nane nisipopata huyu mtu, naenda Mbeya kutafuta kazi dukani." Mwanangu wa chuo, akapange sabuni kwenye rafu.

Kwa hiyo mnaelewa kwa nini niliiona ile karatasi kama kisu.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta Scola anafua. Nikajifanya sina habari.

"Shija yuko wapi leo?"

"Ameenda Matai, kuonana na watu wa halmashauri."

Matai! Wakati mimi nimemuona Laela, upande mwingine kabisa wa mkoa.

Nikajua mwanangu anadanganywa mchana kweupe.

"Scola."

"Abee mama."

"Huyu Shija unamjua vizuri?"

Akaacha kufua, akanikazia macho. "Mama, umeanza tena."

Ni kweli nilikuwa nimeanza tena. Tangu siku ya kwanza sikumwamini. Wazazi wake ni wafugaji, walikuja na ng'ombe wao kutoka huko Usukumani, wakakaa bondeni. Na mimi mwaka mmoja shamba langu liliwahi kuliwa na ng'ombe mpaka mabua. Ng'ombe hata hawakuwa wa kwao. Lakini moyo wa mtu aliyelala njaa haubagui ng'ombe.

"Mgeni ni mgeni," nikamwambia. "Leo anacheka nawe, kesho anahamisha zizi na ndama wako yumo."

"Mama, mimi najua anachofanya Shija."

"Unajua anachokuonyesha."

Akarudi kwenye nguo zake. Ila niliona neno limeingia. Mama anajua neno lake likiingia kwa mtoto. Nikaendelea kulisukuma Jumanne asubuhi, Jumanne jioni, hata wakati wa kula. "Umekagua begi lake? Simu yake ina neno la siri la nini? Kwa nini anapokea simu nje?"

Jumatano nikaenda kwa kaka yangu Baltazari.

Kaka wa tumbo moja. Ndiye aliyemlipia Scola ada ya kidato cha kwanza baba yake alipofariki. Ndiye anayeanzisha rozari kwenye jumuiya yetu. Wakati wa mavuno anafanya udalali wa mazao pale Laela, anawakutanisha wakulima na wenye malori. Mtu anayeheshimika. Nikamwaga yote kama nilivyoyaona.

Kaka alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kidogo puani.

"Klementina, mdogo wangu. Mnapigwa."

"Nilijua."

"Huyo kijana ameshaiuza kampuni. Alhamisi mwekezaji akitoa hela, yeye na Raymond wanaondoka nazo. Wewe na mwanao mtabaki mnapima upepo."

"Sasa nifanyeje kaka?"

Akasogeza kiti karibu yangu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Ile laini ya kwenye kisanduku. Imesajiliwa kwa jina la nani?"

Ilibidi nifikiri sana kabla sijakumbuka. Miaka miwili nyuma, walipoanza, namba ya NIDA ya Scola, ile ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka. Ya Shija nayo aliambiwa arudi tena, arudi tena. Siku ya siku Scola akaniambia, "Mama, njoo uweke kidole tu, tutabadilisha baadaye." Nikaenda kwa wakala wa simu, nikaweka dole gumba, nikarudi sokoni kuuza maharage. Hiyo "baadaye" haikuja.

"Imesajiliwa kwa jina langu," nikasema.

Kaka Baltazari akapiga goti lake kofi. "Mungu si Athumani. Basi una ufunguo mkononi na unalia uko nje."

Mpango wake ulikuwa hivi. Alhamisi asubuhi, Scola na Shija wakishaondoka kwenda Laela na Mizani yao, mimi na yeye twende kwa wakala. Niseme laini imepotea, nipewe nyingine yenye namba ileile. Hiyo tuifiche. Shija akijaribu kutoroka na kampuni, sisi tunayo laini, na bila laini Mizani ni chuma tu.

Mimi akilini mwangu niliona ni kama kuchonga ufunguo wa akiba. Mlango una ufunguo wake, nawe unao wa kwako. Kosa liko wapi?

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa kwa wakala. Binti mmoja mpole, amejifunga shuka kwa baridi.

"Mama, laini imepotea?"

"Imepotea," nikasema. Uongo wangu wa kwanza siku hiyo.

Nikaweka dole gumba. Mashine ikalia.

"Haya mama, hii hapa. Ile ya zamani ndiyo inakata hivyo, hata mtu akiiokota haitafanya kazi."

Nilimgeukia kaka. "Amesema inakata?"

"Wanasema hivyo ili wezi waogope," kaka akajibu, huku mkono wake umeshanyooshwa. "Lete niishike mimi. Wewe utaipotezea kwenye maharage."

Nikampa.

Ndugu zangu, hapo ndipo. Mkitaka kujua ni wapi nilipomuua mwanangu, si Laela. Ni pale kwenye kile kibanda, saa mbili na robo, nilipomfungulia kaka kiganja changu.

Nilipanda basi la kwenda Laela na chupa mbili za chai na vitumbua vya wageni. Kaka akasema atakuja nyuma yangu.

Nilikuta watu wamejaa kwenye uwanja wa ghala. Akina mama kama hamsini na magunia yao, kila mmoja simu mkononi. Mwekezaji ni mwanamke, anaitwa Lydia, amevaa koti zito na raba, hana maringo. Aliniamkia vizuri.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye mama wa mwanzilishi?"

"Marahaba mwanangu. Ndiye mimi."

Macho yangu yakawa yanamtafuta Raymond. Nikamuona! Amesimama mbele kabisa, pembeni ya Shija, wanacheka. Nikasema moyoni, haya, leo mtacheka mpaka mlie.

Scola akaongea. Jamani mwanangu anaongea. Akaeleza lumbesa inavyomla mkulima, akaeleza Mizani, watu wakapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa mtaona wenyewe."

Mama mmoja, Agnesi, akapandisha gunia. Likatulia. Taa ya kijani ikawaka kwenye kisanduku.

Tukasubiri meseji.

Upepo ukavuma. Watu wakaangalia simu zao.

Hakuna kitu.

"Mtandao tu," Scola akasema, akatabasamu kwa shida. "Agnesi, shusha upandishe tena."

Akapandisha tena. Taa ya kijani. Kimya.

Gunia la pili, la mama mwingine. Kimya. La tatu... Nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti, "Bora hata lumbesa, unaiona." Watu wakacheka kile kicheko kibaya.

Nikayakumbuka maneno ya yule binti wa wakala: ile ya zamani inakata. Nikajitenga pembeni, nikampigia kaka Baltazari. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Haipatikani. Mara ya tano nikakaa chini pembeni ya chupa za chai.

Ufunguo wa akiba... Kumbe nilikuwa nimeng'oa kitasa.

Mbele pale Scola alikuwa amefungua kisanduku. Jana yake jioni walikijaribu kikafanya kazi, nilisikia meseji zinaingia. Wenye ufunguo wa kisanduku ni wawili tu duniani, yeye na Shija.

Akainua uso. Hakuangalia laini wala waya. Alimwangalia Shija.

"Shija. Umegusa nini?"

Shija alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi na mama yake. "Scola. Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza umegusa nini."

"Mimi?"

Raymond akaingilia kati. "Ngojeni kwanza. Mimi nimewatenga wenzangu kwa ajili yenu. Jumatatu nimeandika barua na huyu kijana, kwamba msimu huu nanunua kwa Mizani tu, bila kilemba. Barua anayo huyu dada wa Dar kwenye faili. Kwa hilo wenzangu watanitoa kwenye ghala. Sasa mnaniambia kitu chenyewe hakifanyi kazi?"

Jumatatu.

Barua.

Kumbe ile karatasi ya ndani ya gari ilikuwa ya kumwonyesha mwekezaji kwamba mnunuzi wa kwanza wamempata. Mnunuzi wa lumbesa ameacha lumbesa! Shija alikuwa amemfuata yule mtu miezi mitatu kumbembeleza.

Wasomaji wangu, hapo nilikuwa na njia mbili. Nikae kimya, Shija aondoke na aibu yangu, na mimi nibaki mama mzuri aliyeleta vitumbua. Hakuna aliyejua. Laini imekufa, nani atauliza?

Nilimtazama yule mtoto wa watu. Alikuwa hajitetei. Alikuwa anamwangalia tu Scola.

Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Nikapaza sauti.

"Scola, mwache mwenzako. Ni mimi niliyeikata laini. Asubuhi hii. Kwa dole gumba langu hili."

Watu wote wakanigeukia. Nikaeleza yote, gari, karatasi, wakala, kaka. Nilipotaja jina la Baltazari, Raymond alishika kichwa.

"Baltazari dalali? Mama, ulimpa laini Baltazari?"

"Ni kaka yangu."

"Najua ni kaka yako! Ndiye anayetupangia lumbesa hapa. Kila kilemba kinachoshonwa Laela, yeye ana fungu lake kwa mwenye lori. Mizani hii ikikaa hapa, mtu wa kwanza kulala njaa ni Baltazari."

Nilikuwa najua kaka yangu ni dalali. Nilijua kazi ya dalali ni nini. Nimeuza sokoni miaka kumi na nane. Na bado sikuwahi, hata siku moja, kuviweka viwili hivyo pamoja.

Scola alinijia karibu. Alisema polepole, mimi peke yangu ndiye niliyesikia.

"Nilikwambia Shija yuko Matai kwa sababu kila nikikwambia kitu, mjomba anakijua kabla ya jua kuzama. Tulimficha mjomba habari za Raymond, mama. Sikujua natakiwa kuilinda na Mizani yenyewe dhidi yako."

Shija ndiye aliyeniita. "Mama, panda. Kuna wakala pale barabarani. Kidole si bado unacho?"

Tulienda kwa bodaboda, mimi katikati. Nikaweka dole gumba kwa mara ya pili siku hiyo. Laini ya kaka ikafa mfukoni mwake huko alikokuwa. Nusu saa baadaye laini mpya ilikuwa ndani ya kisanduku, Agnesi akapandisha gunia, na simu ikalia.

Kilo mia moja ishirini na tano. Gunia ambalo lingelipwa kama la kilo mia.

Akina mama walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakakimbia. Nikalia. Nikasema Mungu ametusamehe.

Lydia alifunga daftari lake.

"Inafanya kazi," akasema. "Hongereni. Lakini hela sitatoa."

"Dada Lydia, umeona mwenyewe," Scola akasema.

"Kwamba inafanya kazi nilijua, mlinitumia video. Nilikuja kuona nani anaweza kuizima." Akanionyesha kwa kidevu, bila ubaya. "Mmejenga kitu cha wakulima elfu juu ya kidole cha mama. Angeugua, mngegombana, angefariki, yote yameisha. Hilo linarekebishika kwa siku moja."

"Tutarekebisha kesho."

"Najua. La pili ndilo linanirudisha Dar." Akawaangalia wote wawili. "Ilipozima, Scola, ulimwangalia mwenzako kabla hujaangalia mashine. Nimeona kampuni changa nyingi. Mashine ikiharibika, watu wanatengeneza. Hilo lingine sijui fundi wake."

Scola akainamia kisanduku, akakifunga kwa ufunguo wake.

Lydia aliwapa mpaka Disemba. Laini na kila kitu viwe kwa jina la kampuni. Waandikiane wawili hao, kwa mwanasheria, nani ana hisa ngapi, na mmoja akiondoka anaondoka na nini. Miaka miwili hawakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi, wanasema "sisi ni washikaji". Akishaona hayo, ataongea nao upya. Akapanda gari, akaondoka kuelekea Tunduma.

Ndugu zangu, mtataka kusikia kwamba mambo yamekaa sawa.

Laini ilihamishwa siku iliyofuata. Mkataba wameandikiana. Raymond ameshikilia neno lake, ananunua kwa Mizani moja ileile, na hiyo ndiyo iliyomzuia Scola kwenda Mbeya. Kaka Baltazari alirudi baada ya wiki, akaniambia simu iliishiwa chaji. Wiki nzima. Nikamwambia kaka, karibu chai, lakini habari za mwanangu usiniulize tena mpaka nife.

Ila Shija hali tena mezani kwangu. Nilimfuata bondeni kwao kumwomba radhi, nikamkuta na mama yake, wakanipa maziwa, wakaniambia yameisha. Yeye alisema, "Mama, wewe nimekusamehe siku ileile. Wewe hukuwa mshirika wangu."

Alikuwa hanisemi mimi.

Siku hizi yeye na Scola wanafanya kazi vizuri. Wanasalimiana, wanatumiana kila kitu kwa maandishi, kila mmoja anahifadhi nakala. Zamani walikuwa wanagombana jikoni kwangu mpaka nawatoa nje kwa mwiko, nikigeuka wanacheka. Sasa hawagombani. Ukiwaangalia utadhani watu wa benki. Disemba Lydia akija ataona makaratasi yote yamenyooka. Atakachokiona kingine sijui.

Naandika haya kwa mama yeyote mwenye mtoto anayejaribu kitu chake. Kumhofia mtoto si kosa. Kosa langu ni kwamba nilichagua wa kumshuku kwa kuangalia katoka wapi. Ningejiuliza swali moja tu la sokoni: kitu hiki kikifanikiwa, nani anakosa ulaji? Jibu lilikuwa linasali rozari pembeni yangu.

Na nyie vijana wa kampuni, hiyo "tutabadilisha baadaye" ibadilisheni leo. Piga *106# uone laini ya kazi yako imesajiliwa kwa jina la nani. Ukikuta ni la mama yako, usimkasirikie. Mpeleke kwa wakala kwa heshima, mshike mkono, mwondoe humo kabla mapenzi yake hayajakuponza.